Kiitikio na Wafuasi: Wimbo wa Kisiasa katika Njia ya Misafara, kutoka Tabora hadi Sinza

Ikisiri

Uhakiki wa nyimbo za kisiasa za Tanzania umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya maneno ya mwimbaji kiongozi. Makala haya yanadai kwamba katika nyimbo zilizozaliwa kwenye njia ya zamani ya misafara, au zilizobebwa na lugha iliyosambazwa na njia hiyo, sehemu kubwa ya siasa ya wimbo hukaa katika kiitikio, yaani katika kazi ya wale wanaoufuata wimbo, wanaouitika, wanaouomba redioni na wanaoupa mahali jina lake. Nyimbo za wapagazi wa karne ya 19, mashindano ya Bagika na Bagalu, bendi za Tabora na tungo za Remmy Ongala zinasomwa kwa pamoja. Muziki wa panki wa Uingereza unatumika kama kioo cha kulinganishia, kwa kuwa huko wafuasi wenyewe ndio waliogeuka kuwa wachapishaji na wataalamu. Neno mnyonge linachunguzwa kwa undani zaidi, pamoja na kilichopotea lilipofasiriwa kwa wasikilizaji wa ng'ambo.

Utangulizi

Mwaka 1989 lebo ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu ya Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila kwa jina la Kiingereza, Songs for the Poor Man, yaani nyimbo kwa ajili ya mtu maskini. Jina hilo liliivusha bendi hadi kwa wasikilizaji ambao hawakujua Kiswahili, na hapana shaka liliwavutia. Hata hivyo, msikilizaji wa Dar es Salaam aliyezoea kuisikiliza bendi ile katika kumbi za dansi angeweza kuuliza maskini huyo ametoka wapi. Katika tungo za Remmy anayesema ni mnyonge. Maskini ni mtu asiye na mali, na anaweza kusaidiwa bila mtu yeyote kulaumiwa. Ukisema mtu ni mnyonge, umeshaanza kuuliza ni nani aliye juu yake.

Tofauti hii ndogo ya msamiati imezaa jumuiya mbili za wapenzi wa mwanamuziki mmoja. Moja humkumbuka kama sauti ya huruma kutoka Afrika. Nyingine, iliyomwitikia kwa lugha yake, ilimsikia akirudisha kwa watawala neno ambalo watawala wenyewe walikuwa wamelifundisha. Uhakiki ulioandikwa hadi sasa umesimama karibu zaidi na jumuiya ya kwanza, si kwa nia mbaya, bali kwa sababu umeandikwa kwa lugha ya jumuiya hiyo.

Mulokozi (1989) aliieleza fasihi simulizi kama tukio ambamo fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati huingiliana. Maelezo hayo hunukuliwa na karibu kila mwanafunzi wa fasihi nchini. Jambo la kushangaza ni kwamba yakishanukuliwa huwekwa kando, na uchambuzi unaofuata hushughulikia beti zilizonakiliwa katika karatasi, hadhira ikiachwa nje ya mlango. Katika nyimbo zinazojadiliwa hapa hadhira haiwezi kuachwa nje, kwa kuwa sehemu ya matini iko mdomoni mwake.

Kioo cha panki

Ulinganisho na Uingereza unaweza kuonekana wa mbali, lakini una faida yake. Panki, muziki wa gitaa wenye kasi, kelele na hasira, ulishika nguvu huko kuanzia mwaka 1976. Mwaka huohuo kijana karani wa benki, Mark Perry, alianza kuchapa kwa mkono wake kijarida kilichoitwa Sniffin' Glue, chenye kurasa chache zilizorudufiwa na kuuzwa kwa wapenzi wenzake. Mwaka huohuo pia ilianzishwa Rock Against Racism, harakati iliyounganisha bendi na vijana dhidi ya ubaguzi wa rangi. Miaka mitatu baadaye Dick Hebdige alichapisha Subculture: The Meaning of Style (1979), kitabu kilichoyapa mavazi na mikao ya vijana hao hadhi ya matini ya kusomwa. Leo kuna jarida la kitaaluma linaloitwa Punk & Post-Punk, na kituo cha redio cha KEXP cha Seattle huadhimisha kila mwaka, tangu 2013, siku maalumu ya bendi ya The Clash.

Mnyororo huo una pete zinazoshikana: mpenzi, kijarida, mtaalamu, maadhimisho. Kinachozishikanisha ni lugha. Aliyeandika kijarida na aliyeandika tasnifu walitumia Kiingereza kilekile kilichotumika katika wimbo, na mara nyingi mtaalamu alikuwa ameanza kama mpenzi. Nchini Tanzania pete zote zipo, lakini pete ya mtaalamu imetengenezwa kiwanda kingine. Mpenzi wa dansi aliandika kadi ya salamu kwa Kiswahili. Aliyemchunguza aliandika kitabu ambacho mpenzi huyo hawezi kukisoma wala kukipinga.

Kirangozi na wanaomwitikia

Richard Burton alifika Kazeh, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora, mnamo Novemba 1857. Katika kitabu chake cha 1860 kuhusu nchi za maziwa alieleza mpangilio wa msafara: kirangozi mbele, wapagazi nyuma, mizigo ya pembe, vitambaa na shanga, na nyimbo. Burton hakuwapenda wapagazi, na hakuficha dharau yake. Hata hivyo, aliandika wimbo mmoja ambao umewafaa watafiti kuliko hukumu zake zote. Ndani yake Mzungu anaitwa mbaya waziwazi, kisha waimbaji wanaahidi kumfuata katika vilima na mito mradi awape chakula kizuri. Kati ya kauli na kauli hurudi neno moja la chakula, fupi kama kishindo cha mguu.

Ukilifuta neno hilo linalorudi, unabaki na kejeli, na ndivyo wasomaji wengi wa Ulaya walivyouchukua wimbo huo, kama kichekesho cha njiani. Ukiliacha mahali pake, kejeli inageuka kuwa mkataba. Kirangozi anasema tutafuata. Kundi zima linajibu kwa kutaja sharti. Wimbo hauombi. Unamkumbusha mwenye mali, hadharani na mbele ya wapagazi wote, kuwa utiifu una bei na kwamba bei hiyo inadaiwa kila siku. Neno posho, ambalo leo husikika zaidi katika habari za vikao na semina, ndilo lililotaja mgawo huo wa chakula njiani. Mpagazi aliyeitikia wimbo alikuwa akitetea posho yake.

Rockel (2006) ameonesha kwa ushahidi mwingi kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye utamaduni wao wa kazi, desturi zao za barabarani na mbinu zao za kugoma, ikiwamo kuweka mizigo chini na kutoroka. Hoja yake ni ya kihistoria. Mhakiki wa fasihi anaweza kuisogeza hatua moja mbele, kwani migomo hiyo ilihitaji watu waliozoea kusema neno moja kwa wakati mmoja, na mazoezi yake yalifanyika katika kiitikio. Linganisha na Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, tawasifu ya Tippu Tip, matini kubwa ya Kiswahili kuhusu njia hiihii. Ni kazi ya thamani isiyo na shaka, ila inaitazama njia kutoka kwa mwenye msafara, na wapagazi humo ni watu wa kuhesabiwa zaidi kuliko wa kusikilizwa. Historia ya fasihi ya Kiswahili imeipokea tawasifu hiyo na kuiacha nje sauti iliyokuwa nyuma ya mzigo.

Umati kama hakimu

Kaskazini ya Tabora, katika Usukuma, kuna mfano wa jumuiya za wafuasi ulio mkongwe kuliko redio, sahani ya santuri na hata reli. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyojinasibisha na waasisi wao Ngika na Gumha wa karne ya 19, hushindana baada ya mavuno. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Anayeshinda ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Hakuna jopo la majaji wala alama. Umati husogea, na kusogea kwake ndiko hukumu. Manju anaweza kuwa na tungo kali na dawa kali pia, lakini watu wakihamia upande wa pili ameshindwa.

Ni vigumu kupata nadharia ya upokezi iliyo wazi kuliko hiyo. Wanafunzi hufundishwa kwamba msomaji hukamilisha matini, na hutajiwa wanazuoni wa Ujerumani, ilhali mkulima wa Magu au Kwimba amekuwa akiikamilisha kwa miguu yake kwa vizazi kadhaa.

Gunderson (2010) amekusanya na kufafanua zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma, kuanzia zile za wawindaji wa tembo na wapagazi hadi za wakulima, za kudai uhuru na za Ujamaa. Ubora wa kazi hiyo ni kwamba imehifadhi nyimbo katika lugha yake pamoja na fasiri, hivyo inaweza kusomwa dhidi ya ufafanuzi wa mwandishi wake. Mtu akiusoma mkusanyiko huo akiwa na swali la kiitikio, anaona jambo ambalo mpangilio wa sura haulitangazi: mada hubadilika, kutoka tembo hadi pamba na kutoka pamba hadi chama, ilhali kundi linaloitikia kwa ajili ya kazi ya pamoja linabaki. Siasa ya chama ilipofika ilikuta kundi limekwishaundwa.

TANU ilijua hivyo. Tabora ulikuwa mji wa shule na wa mikutano. Hapo Julius Nyerere alisoma na baadaye kufundisha, na hapo, Januari 1958, chama kilifanya mkutano wake mgumu uliokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, vikundi vya ngoma vya bara la magharibi vilipanda majukwaa ya taifa. Hiari ya Moyo, kikundi cha Tabora kilichoongozwa na Mwinamila, kilikuwa miongoni mwa vilivyojulikana sana katika sherehe za aina hiyo. Jina lake lina uzito wake. Linatangaza kwamba anayeimba hakulazimishwa, na kwa kutangaza hivyo linajibu swali ambalo bado halijaulizwa.

Askew (2002), akiandika hasa kuhusu Tanga, anasisitiza kwamba taifa huigizwa na watu wengi kwa pamoja, na kwamba hadhira inaweza kukataa uigizaji huo au kuugeuza. Hoja hiyo inafaa Tabora pia, ingawa inahitaji kurekebishwa kidogo. Katika wimbo wa sifa wa jukwaani kiitikio hubaki, lakini sharti lake huondoka. Mpagazi aliitikia kwa kutaja chakula. Kundi la sherehe huitikia kwa kulirudia jina la kiongozi. Umbo ni lile lile, na hapo ndipo penye hila yake, kwa sababu sikio lililozoea kiitikio huona limeshirikishwa hata pale lilipoombwa kukubali tu. Si haki kuwalaumu waimbaji. Wengi wao waliamini walichokiimba, na Ujamaa uliwapa wakulima wa Unyamwezi hadhi ya jukwaani ambayo ukoloni haukuwapa. Hata hivyo, mhakiki anapaswa kuuliza kila mara: kiitikio hiki kingeweza kugeuka kuwa sharti?

Dansi la Tabora na kadi za salamu

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara. Ilileta pia gitaa. Katikati ya karne ya 20 mji huo ulikuwa na bendi tatu zilizofahamika nchi nzima, Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Hata Western Jazz ya Dar es Salaam, yenye mtindo wa Saboso, ilibeba katika jina lake Jimbo la Magharibi, ambalo Tabora ilikuwa makao yake makuu. Ushindani wa bendi ulirithi mengi kutoka kwenye ngoma za mashindano. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na mpenzi alijitambulisha kwa mtindo huo kama shabiki wa mpira anavyojitambulisha kwa rangi ya jezi. Mtindo wa Tabora Jazz uliitwa Segere Matata.

Ikumbukwe kwamba wimbo unaotajwa kwanza Tabora Jazz inapokumbukwa, Dada Asha wa Shem Karenga, si wimbo wa siasa hata kidogo. Umeendelea kupigwa katika vipindi vya zilipendwa ilhali nyimbo nyingi za sifa za miaka ileile hazisikiki. Wanaochambua muziki kwa kutafuta siasa tu hujikuta wakieleza vizuri nyimbo ambazo hakuna anayeziomba.

Radio Tanzania ilikuwa kituo pekee cha redio bara hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ndiyo iliyorekodi bendi. Mashairi yalikaguliwa kabla ya bendi kuingia studio. Kwa hiyo kilichosikika hewani kilikuwa kimepita mlango mwembamba. Lakini kulikuwa na mlango wa pili ambao wahakiki hawajauchungulia vya kutosha, nao ni salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaijaza majina ya ndugu, marafiki na wasikilizaji wenzake wa miji mingine, akataja wimbo, akatuma kwa posta. Baadhi ya watumaji wa salamu walijulikana kwa majina ya kujipachika kuliko baadhi ya wanamuziki, na waliunda vilabu, wakatembeleana na kuzikana.

Kadi ya salamu ni kiitikio kilichoandikwa. Haiongezi neno katika wimbo, ila inaamua wimbo upigwe lini, kwa ajili ya nani, na usimame karibu na majina gani. Wimbo wa mapenzi ulioombwa kwa ajili ya wachimbaji fulani, au kwa wafanyakazi wa reli ya Tabora, huacha kuwa wimbo wa mtu mmoja na Asha wake. Kama vijarida vya panki vimewekwa katika maktaba za vyuo vikuu na kusomwa kama hati za enzi, kadi za salamu zinastahili angalau kuhesabiwa. Nyingi zilitupwa zikishasomwa.

Mnyonge wa Remmy

Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Maniema, mwaka 1947. Maniema ndiko misafara iliyotoka Tabora na Ujiji ilikovuka ziwa kuelekea, na Kiswahili cha huko, kile ambacho wanaisimu wa zamani walikiita Kingwana, kilisambazwa na misafara hiyo. Alipofika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, alikuwa mgeni kwa uraia lakini si kwa lugha, kwa kuwa lugha yake ilikuwa imetangulia kutoka pwani kwenda kwao karne moja nyuma, mabegani mwa wapagazi. Jambo hili hutajwa mara chache. Hurahisishwa kwa kusema kwamba alileta rumba ya Kongo nchini, kana kwamba alikuja na gitaa bila maneno.

Baadaye, akiongoza Super Matimila, alijenga wasifu wa jukwaani ambao katikati yake kulikuwa na neno mnyonge. Mojawapo ya nyimbo zake za miaka ya 1980 inaitwa Mnyonge Hana Haki. Uzito wa jina hilo hauonekani mpaka mtu akumbuke neno lenyewe lilivyotumika kabla yake. Azimio la Arusha liliutaja unyonge kama chanzo cha kuonewa na kunyonywa, na likaahidi mapinduzi ya kuuondoa. Kwa hiyo kwa miaka 20 unyonge ulikuwa neno la chama, lililofundishwa shuleni na kuimbwa katika sherehe, na maana yake ilihusu jana. Remmy analihamisha kutoka jana hadi leo. Hahitaji kumtaja kiongozi yeyote wala kulipinga Azimio. Anachofanya ni kulichukua neno lao, kulitia katika wakati uliopo, kisha kuliacha ukumbini liitikiwe na watu wanaolijua tangu darasani.

Graebner (1989), katika makala yake kuhusu nyimbo za Remmy iliyotoka katika jarida la Popular Music, anauliza muziki huo ni wa nani, na swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi yaliyofuata. Analijadili kwa kuangalia soko la ng'ambo na wasikilizaji wa nyumbani. Linaweza pia kuulizwa kwa upande wa neno moja. Mnyonge alipofasiriwa kuwa maskini, swali la nani aliye juu yake lilitoweka, na pamoja nalo likatoweka Azimio zima lililokuwa nyuma ya neno. Mpenzi wa London aliyecheza katika tamasha la WOMAD hakukosea kumpenda Remmy. Alipewa nusu ya wimbo.

Mambo kwa Soksi ya mwaka 1990 inaonesha kiitikio kikifanya kazi bila mlango wa redio. Wimbo ulihimiza matumizi ya kondomu wakati ukimwi ukienea, na Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Soksi ni tafsida, na tafsida ina tabia ya kuhitaji watu wawili, anayesema na anayeelewa bila kuelezwa. Kila aliyecheka ukumbini alikuwa amethibitisha kwamba ameelewa, na aliyeelewa alikwenda kuwaeleza wengine. Wimbo ulienea kwa kanda na kwa maneno ya watu. Katazo liliwafanya wafuasi kuwa watangazaji. Hapa mfano wa panki unasaidia tena, maana mwaka 1977 BBC ilikataa kuupiga wimbo wa Sex Pistols uliomkejeli Malkia, na bado ukapanda karibu na kilele cha orodha ya mauzo. Tofauti ni kwamba Uingereza kulikuwa na orodha ya mauzo ya kuonesha ushindi huo. Dar es Salaam ushindi ulionekana kwa macho tu, katika kumbi zilizojaa, jambo ambalo watu wa Bagika na Bagalu wangelielewa mara moja.

Neno hilo halikuachwa mikononi mwa wanamuziki. Kuanzia mwaka 2015 wanyonge walirudi katika hotuba za Ikulu kama watu ambao rais alijitambulisha nao. Mwaka 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake Wapo, kisha ikatangazwa kwamba Rais ameupenda na kwamba upigwe. Ni tukio linalostahili uchambuzi wake wa pekee. Kwa hoja ya hapa inatosha kuona kwamba wimbo uliofungwa na kufunguliwa kwa siku chache ulipewa ruhusa kutoka juu, mashabiki wakiwa bado wanajadili kama waitikie au wanyamaze.

Kumbukizi na majina yanayokosekana

Kumbukizi za muziki huu zimefanywa zaidi na lebo na watafiti wa nje. Juzuu ya tatu ya mfululizo wa Zanzibara wa lebo ya Buda Musique ilirudisha sokoni dansi la Tanzania la miaka ya 1960. Gunderson (2018) ameandika kitabu kizima juu ya Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka, akiwapa heshima ambayo waimbaji wa dansi hawakuwa wameipata katika kitabu cha Kiswahili cha uzito huo. Perullo (2011) ameeleza uchumi wa muziki wa Dar es Salaam kwa undani unaowafaa hata wanasheria wa hakimiliki. Kazi hizi si za kubezwa, na mtafiti wa Kiswahili anayezibeza bila kuandika yake anajichekesha. Kasoro yake iko kwingine. Zinapofasiri, zinalazimika kuchagua neno moja la Kiingereza kwa mnyonge, kwa posho, kwa manju, na msomaji anayeyajua maneno hayo kwa undani hana nafasi ya kuandika barua ya kusahihisha.

Kuna pia suala la majina. Lebo ya santuri hutaja bendi na mtunzi. Uhakiki umeifuata lebo hiyo kwa utii, hivyo wanaoitikia katika rekodi za Tabora Jazz au Super Matimila wanaandikwa kama kundi, au hawaandikwi kabisa, ilhali katika nyingi ya nyimbo hizo sauti zao hukaa sikioni kwa dakika nyingi kuliko ya kiongozi. Kwa upande wa wapagazi kosa ni la zamani na halirekebishiki. Kwa upande wa dansi bado liko ndani ya uwezo. Kuna wanamuziki na watumaji wa salamu wa miaka ya 1970 na 1980 ambao wako hai, Tabora, Urambo, Nzega na Kigoma, na mahojiano nao kwa Kiswahili, yakachapishwa kwa Kiswahili, yangegharimu pungufu ya kongamano moja la siku mbili.

Remmy alifariki dunia Desemba 2010, akiwa ameacha dansi na kuhamia katika nyimbo za injili. Mtaa wa Sinza alikoishi una kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy. Hakuna sherehe ya kila mwaka hapo, na wengi wa wanaoshuka walizaliwa baada ya Mambo kwa Soksi. Wanakwenda saluni, benki, dukani. Konda hutaja jina kwa sauti ya kuimba gari likikaribia, na abiria mmoja au wawili, bila kuinua macho kutoka kwenye simu zao, huitikia: shusha.